Plasta ya Droo ya Tatu

Inspekta Athanase Mwelwa alihesabu mara mbili. Mara ya kwanza kwa macho. Mara ya pili kwa kidole, akigusa moja moja droo za diske za lile kabati la chuma lililosimama katikati ya chumba cha mashini. Sita. Kila droo ilikuwa na namba iliyochongwa ubavuni, naye alizilinganisha na karatasi ya kupokea mzigo ya mwaka 1989, polepole, kama mama anayechambua maharagi. Namba sita kwenye karatasi, namba sita kwenye chuma.

"Hakuna diske imetoka humu," alisema.

"Nani alikuambia zimetoka?" Monsieur Édouard, mkurugenzi wa mashini za Kampuni, hakuinuka kitini. Alivaa tai, katika mji ambao wenye tai walibaki wachache na wenye njaa waliongezeka. "Weye unatafuta mwizi ya chuma, Inspecteur. Ule aliiba bile bilikuwa ndani ya chuma. Ni informatique, mambo ya kompyuta. Ni ngumu kidogo kwa muntu wa... enfin."

"Wa sixième primaire," Athanase, aliyeishia darasa la sita, alimmalizia. "Sema tu, Patron. Haiumize."

Kesi yenyewe haikuwa ndefu. Kabati lilikuwa moja, mashini mbili. Mashini kongwe, yenye miaka saba na vumbi lake, iliendeshwa kwa Unix. Mpya iliendeshwa kwa Windows NT. Ililetwa mwezi wa tatu wa mwaka huo wa 1996 kwa hotuba na bia, wakati wagonjwa wa Kampuni walikuwa wanaambiwa waje na pamba zao wenyewe. Zote mbili ziliungwa kwenye kabati kwa kamba nene, lakini kila droo ilikuwa na bwana mmoja tu. Ukitaka kumjua, unatazama kipande cha plasta ya hospitali kilichobandikwa mbele ya droo: A ni ya ancienne, mashini kongwe; N ni ya nouvelle, ile mpya.

Droo ya tatu ilikuwa na faili za mapafu ya watu elfu moja na mia moja na wanne waliofanya kazi kwenye matanuru. Jumamosi asubuhi Édouard aliitazama, akasema ni tupu. Kabla ya midi, yaani saa sita mchana, Germain, mfanyakazi wa zamu ya jioni, alikuwa ameshatiwa kasho, mahabusu ya polisi. Leo ilikuwa Jumanne, na midi lori la wafungwa lingeondoka kwenda gereza la Buluo. Buluo si mahali pa kwenda kwa kosa la mwingine.

Kioo cha mashini mpya kilikuwa kinawaka. Katikati yake palikuwa na kisanduku cha kijivu na maneno ya Kifaransa. Athanase aliyasoma kwa midomo: diske ya tatu haina alama, tuandike alama? Chini yake vitufe viwili, ndiyo na hapana. Oui. Non.

"Inauliza nini hii?"

"Inaomba ruhusa ya kutayarisha droo. Ukishatia sahihi procès-verbal yako, ile ripoti, minye nitajibu Oui, tutaisafisha, kazi iendelee."

"Tangu samedi kuna muntu amejibu?"

"Bado."

"Basi isijibiwe mpaka nirudi."

"Mpaka midi," Édouard alisema. "Kiisha midi, ni kazi yangu."

Athanase alifungua kaye ya zamu, daftari ambamo kila aliyeingia humo aliandika saa na alichokikuta. Alhamisi ilikuwapo. Jumamosi ilikuwapo. Ukurasa wa Ijumaa haukuwapo.

"Germain aliutosha mwenyewe, aliutoa juu ya kujificha," Édouard alisema.

Athanase alipitisha kidole gumba kwenye mzizi wa ukurasa ule. Ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Akarudi kwenye kabati, akachuchumaa. Plasta tano zilikuwa na kingo zilizochanika ovyo, nyuzi zikining'inia. Ile ya droo ya tatu, yenye N, ilikuwa na kingo zilizonyooka.

"Plasta munaikata na nini?"

"Sijue. Uliza baoperateri."

"Makasi iko?"

"Baliiba zote mu pillage ya 91, ile siku ya kupora. Hata ya kufungulia barua."

"Na bile Germain alitosha mu droo, alipeleka wapi?"

Hapo Édouard alitabasamu. "Kwa Idriss, ule wa maradio, karibu ya soko. Jeudi, ile Alhamisi, alibeba sanduku kule. Secrétaire wangu, Marlène, alimuona na macho yake."

Athanase alivaa kofia akaenda. Kwa miguu, maana gari la Parquet, ofisi ya procureur mwendesha mashtaka, lilikuwa juu ya matofali tangu Pasaka.

*

Duka la Idriss lilikuwa upana wa mlango na nusu. Redio zilizofumuliwa matumbo zilijaa mpaka darini. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia sahani ya duara ya chuma inayong'aa, yenye tundu katikati. Athanase alijiona humo: kofia, ndevu za siku tatu.

"Idriss, hii ni diske."

"Ni diske," Idriss alikubali bila kuacha kuchomea waya. "Na ni kioo. Hapa wanaume wanachana nywele mbele ya kwenda kuomba kazi. Kazi hakuna, lakini nywele ziko sawa."

"Germain alikuletea?"

"Ah! Njo mambo ile imekuleta?" Idriss aliweka chuma cha moto chini. "Jeudi Germain alileta radio ya jirani yake. Ile pale, mu sanduku. Diske niliokota mimi mwenyewe 92, mu takataka ya bakubwa."

Athanase hakubishana. Aliitoa sahani msumarini. Ukuta ulikuwa mweusi kwa moshi wa kuchomea, isipokuwa pale ilipokuwa sahani: palibaki duara la rangi ya buluu, safi, kama jana lilipakwa. Msumari ulikuwa umeota kutu pande zote ila pale palipolala tundu. Alirudisha sahani mahali pake. Moshi haudanganyi, na kutu haina ndugu.

"Nisaidie na kintu kimoja," alisema. "Diske inaweza kujaa, na mashini iseme ni tupu?"

Idriss alicheka. "Inspecteur, minye nasoma Korani. Naanza huku." Alionyesha mkono wa kuume. "Padri wenu anaanza kule. Ukimupatia Padri kitabu yangu, atafungula upande wa nyuma, atasema: hii haiko na mwanzo, hakuna neno hata moja. Kitabu ni tupu? Au Padri ndiye hajue kusoma?"

"Na Padri akishika kalamu, aandike jina yake pa ukurasa ile?"

Kicheko kilikatika. "Basi ameharibu mwanzo wa kitabu. Hata mwenye kusoma atapotea."

Athanase alitazama saa yake. 9 h 40. Sasa alijua vitu viwili: swali lililokuwa linawaka kwenye kioo lilikuwa na meno, na mtu anayetaka kulijibu alikuwa na haraka.

*

Germain alikuwa mwembamba, miaka thelathini na kitu, shati limefungwa vifungo vyote hata humo kasho. Athanase alikaa mbele yake juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Plasta munaikata na nini?"

Germain alishangaa. Siku tatu walikuwa wamemuuliza aliuza kwa nani. "Na meno, Chef. Makasi hatuna."

"Droo ya tatu ni ya nani?"

"Ya ancienne. Tangu mwanzo."

"Leo iko na N."

Mtu yule alisimama, akagonga kichwa kwenye boriti, hakujali. "Nani aliigeuza? Bila kuitosha kwanza kwa ancienne?"

"Nieleze sawa unaeleza muntu ya sixième primaire."

Germain alichuchumaa, akachora sakafuni kwa kidole. "Ile kabati ni sawa camp ya bafanyakazi. Droo ni nyumba. Chef de camp akisema nyumba ya tatu iende kwa famille ingine, wa zamani anatoka kwanza. Anafagia, anarudisha funguo. Kiisha mupya njo anaingia. Nilibandika ile sheria pa ukuta: wa zamani atoke kwanza. Mashini moja haijue kusoma maandiko ya ingine, Chef. Mupya akiingizwa kwa nguvu, anakuta bintu hajue, anasema ni takataka, tutupe."

"Kugeuza ni ngumu?"

"Kitufe kimoja pa mbele ya kabati. Lakini kabati haisikie mpaka izimwe, iwashwe."

"Na courant, umeme, ikikatika yenyewe?"

"Ni ile ile tu."

"Vendredi, ile Ijumaa, uliingia saa ngapi?"

"18 h. Nilikuta ancienne inalia: droo ya tatu haionekane. Niliandika mu kaye. Nikamuita Patron pa telefone, asema: acha vile, usiguse. Sikugusa." Alionyesha nyumba ya tatu mchoroni. "Chef, bile bintu habikufutwa. Biko mule. Ila tu muntu asibonyeze Oui."

"Nani anajua faili zilionekana mara ya mwisho lini?"

"Mama Henriette, wa picha za mapafu."

Hakuwa mbali. Mama Henriette, nesi mnene mwenye viatu vyeupe, alikuwa kwenye benchi la nje na sahani ya bukari, yaani ugali, iliyofunikwa kitambaa, akingoja ruhusa ya kumlisha mfungwa. Kwenye mfuko wake wa mkono alibeba rejista ya hospitali, maana siku hizo kitu ukikiacha kazini hukikuti.

"Mama, vendredi faili zilikuwa?"

Alifungua rejista bila kuulizwa mara ya pili. "13 h 50. Niliandika picha ya Papa Barthélemy, mu kioo na humu. Pafu ya kushoto, kivuli mpya. Kiisha nikaanza picha ingine, courant ikaenda. Picha ilibaki nusu. 14 h 10, ona. Ilirudi 16 h 40. Nafungula kioo: faili hakuna."

"Na muchana nani anafanya kazi mu chumba ya mashini?"

"Hakuna muntu. Ba muchana bote balifukuzwa janvier, asema tunapunguza. Funguo inalala mu mufuko ya Patron mpaka 18 h." Alifunga rejista. "Inspecteur, sahani ya bukari mkubwa anaivunja, mufagiaji anaulizwa. Ni vile."

"Leo haiko vile," Athanase alisema. Alikwenda kwenye kitabu cha kasho, akaandika jina la Germain, saa, na neno moja ambalo halihitaji kibali cha mtu: reconstitution, yaani kuigiza upya tukio palepale. "Mama, kuya na ile rejista. Bukari utamupa njiani."

*

Waliingia chumba cha mashini watatu, Germain na pingu mikononi, 11 h 05. Édouard alikuwa amekaa mbele ya mashini mpya, mkono juu ya kipanya. Kwenye kioo, mshale ulikuwa umelala juu ya Oui.

"Tosha mukono, Patron."

"Nilikuwa natazama tu."

"Kipofu ndiye anatazama na mikono. Tosha."

Mkono uliondoka. Athanase alimsogeza mkurugenzi pamoja na kiti chake mpaka ukutani, polepole, kwa adabu, magurudumu yakilia. Kisha akafungua mlango wa ofisi ya pembeni. Marlène, secrétaire mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuwa anapiga chapa.

"Mademoiselle, niazime makasi yako."

"Hatuna makasi humu," Édouard alisema haraka.

Lakini Marlène alishafungua droo ya meza. Makasi yalifungwa na kamba kwenye mguu wa meza, kama mbuzi. Aliyaficha ndani ya sufuria siku ya pillage, akatoka nayo kichwani. Athanase aliyafungua kwa nguvu. Visu vilikuwa vimeshikamana. Pande zote mbili zilikuwa na gundi iliyokauka, na nyuzi nyeupe zimenasa ndani ya gundi.

"Unakata nini na hii, mademoiselle?"

"Karatasi. Sikate kintu kiko na gundi." Marlène alimtazama mkubwa wake, kisha akamtazama Germain na pingu zake. Alivua miwani. "Vendredi Patron aliazima makasi kwangu. Tulikuwa tumetoka kula, courant ilikuwa ingaliko. Samedi aliazima tena asubui. Ile ya samedi alirudisha mbio mbio."

"Vendredi ni plasta. Samedi ni ukurasa ya kaye," Athanase alisema. "Germain na wenzake banakata na meno. Na vendredi ile saa, Germain alikuwa hajafika. Courant ilikatika, ikarudi, njo kabati ikasikia kitufe yako."

"Hii ni... Plasta siyo droo!" Édouard alipata sauti. "Hata kama nilibandika plasta, faili biko wapi? Mashini inasema hamuna kitu!"

"Hapana. Mashini inasema haione alama yake. Mi nikiingia kwako, sitaona alama yangu hata moja. Lakini kitanda iko." Athanase alifungua pingu. "Germain. Fanya sawa sheria ya ukuta."

Germain alisugua vifundo vya mikono yake. Akajibu Non kwanza, na kisanduku cha kijivu kikapotea. Akaizima mashini mpya kwa utaratibu wake, kisha kongwe. Alikwenda mbele ya kabati, akabonyeza kitufe mpaka namba tatu ikatokea kwenye kidirisha chake, akabonyeza tena: N ikawa A. Akazima kabati. Chumba kikawa kimya ghafla, mpaka wakasikia injini chini, uani. Lori lilikuwa limefika mapema.

"Kwanza kabati, kiisha mashini," Germain alisema, kama anamfundisha mtu. Aliwasha. Taa za kijani zilipanda moja moja. Moja, mbili. Ya tatu ilikawia. Mama Henriette alishika rejista kifuani. Ikapanda. Nne, tano, sita. Ndipo akawasha mashini kongwe.

Ilianza kukagua droo ya tatu, mistari myeupe ikipanda juu ya kioo cheusi. Umeme ule wa Ijumaa uliikata kazi katikati, Germain alieleza, kwa hiyo inahesabu kila kitu kabla ya kuamini. Dakika kumi. Dakika ishirini. Chini, lori lilipiga honi. Mara moja taa ya darini ilififia ikawa nyekundu kama kaa, na hakuna aliyepumua, hata Édouard, kisha ikarudi.

"Imemaliza," Germain alisema. "Mama, nipe jina."

Mama Henriette alifungua rejista, akaizuia isionekane na mtu, kama mwalimu siku ya mtihani. "Barthélemy Kalwa. Tanuru ya pili. Picha ya mwisho inasema nini?"

Germain aliandika. Mashini ya kuchapa ilikohoa, ikasukuma karatasi yenye matundu pembeni. Athanase aliikata mwenyewe, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, bila haya ya kusoma kwake polepole.

"Vendredi, 13 h 50. Pafu ya kushoto. Kivuli mupya."

Mama Henriette aliketi juu ya meza ya mkurugenzi.

"Bote?" aliuliza.

"Elfu moja na mia moja na ine," Germain alisema. "Hakuna muntu ametoka."

Édouard alilegeza tai. "Nilitaka fasi tu," alisema. "Kesho, mercredi, bakubwa wa Kinshasa banakuja kuona mashini mupya, na iko na droo mbili tu, ndogo. Nilifikiri itasoma yote. Ni mupya! Mupya si inajua kupita ya zamani? Niliona tupu, nikaogopa."

"Na Germain?"

"Germain angekaa Buluo kidogo. Mwezi, miezi mbili. Kiisha ningemuombea."

Germain aliendelea kutazama kioo chake. Masikio tu ndiyo yaliyobadilika rangi. Athanase alichota kalamu.

"Juu ya kukosea na kitufe, siwezi kukufunga. Bakubwa wote tungewafunga, nani angebaki wa kupigiwa saluti? Lakini samedi ulitia sahihi kwa OPJ, polisi wa upelelezi, kwamba uliona mwizi, na ulikata ukurasa wa kaye. Ile procureur atapenda kuisikia kwa mudomo yako."

Mkuu wa lori alikuwa amepanda ngazi, kofia mkononi, jasho usoni. Alishika karatasi ya usafirishaji. Ilikuwa na jina moja na mahali pamoja. "Inspecteur, midi inafika. Mufungwa iko wapi?"

"Leta ile karatasi."

Athanase aliiweka karatasi juu ya kabati. Alichukua gurudumu la plasta lililokuwa hapo juu siku zote. Marlène alimnyoshea makasi, kamba ikamfika nusu ya njia. Alimkatalia kwa kichwa. Alikata plasta kwa meno. Kipande kimoja alikibandika juu ya jina la Germain, cha pili juu ya neno Buluo. Kwenye cha kwanza aliandika Édouard, jina lote na la ukoo. Kwenye cha pili aliandika Parquet. Akatia sahihi yake, nusu juu ya plasta, nusu juu ya karatasi, ili asitokee mtu wa kubandua.

Mkuu wa lori aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Hii inaruhusiwa?"

Athanase alimtazama Germain, aliyekuwa tayari ameinama mbele ya droo ya tatu, akibandua ile N kwa kucha.

"Wa zamani ametoka kwanza," alisema. "Sasa mupya anaweza kuingia."